Banda la Sabasaba halifai Shanghai

Nchini Japani, arabika ya Tanzania inafahamika kwa jina moja: Kilimanjaro. Iwe imelimwa Machame, Mbozi, Tarime au Mbinga, utaratibu wa wafanyabiashara wa kahawa wa huko unaruhusu iandikwe Kilimanjaro kwenye pakiti, alimradi ni arabika ya Tanzania na haikutoka Bukoba. Mnywaji wa Tokyo amelizoea jina hilo kwa miongo mingi. Sasa tuseme chama cha ushirika cha Mbinga kinakwenda kwenye maonesho ya kahawa ya Tokyo na bango kubwa lililoandikwa MBINGA, pembeni picha za viongozi wa mkoa. Mnunuzi anapita bila kugeuza shingo. Kahawa haina kasoro, na Mbinga ina haki yote ya kujulikana duniani. Kilichokosewa ni mpangilio. Jina analolijua mgeni ndilo lingemsimamisha, kisha Mbinga ingekuja kama habari mpya kwa mtu ambaye tayari amesimama na kikombe mkononi.

Chama hakiwezi kulijua jambo hilo kwa kukaa Mbinga. Angelisema mwagizaji wa kahawa wa Yokohama, au mkaangaji wa Osaka aliyewahi kununua magunia kadhaa, au Mtanzania aliyeishi huko miaka mingi ndani ya biashara hiyo. Lakini mtu wa namna hiyo huulizwa mwisho, kama akiulizwa. Bango limeshachapwa, picha zimeshachaguliwa, mzigo umeshapanda ndege, ndipo anapigiwa simu atafute gari la kutoa maboksi uwanja wa ndege na vijana wawili wa kugawa vipeperushi. Swali zima la kupeleka maonesho ng'ambo, nionavyo mimi, limo humo: nani anaamua banda liweje, na anaamua lini.

Tuanze na aina ya maonesho yenyewe, maana mengi yanaharibika hapo. Mwaka 1895 mji wa Leipzig nchini Ujerumani, uliokuwa na gulio la karne nyingi, ulibadili desturi yake. Zamani wafanyabiashara walikuja na shehena nzima wakaiuza papo hapo. Viwanda vilipoanza kutoa vitu vinavyofanana, na reli ikaweza kuvifikisha popote, sampuli moja ilitosha kusimama badala ya maelfu. Mfanyabiashara akaja na sanduku la sampuli na daftari la oda. Maonesho makubwa ya kibiashara ya Ulaya, na mengi ya Asia na Marekani, yamejengwa juu ya desturi hiyo.

Sabasaba, maonesho yetu ya Dar es Salaam, ni kitu kingine. Katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, kampuni za nje zipo na mikataba mikubwa inasainiwa, lakini moyo wa maonesho yale ni umati: familia zinazokuja na watoto, akina mama wanaonunua sufuria na mashuka, kelele za spika, bei ya maonesho. Banda zuri la Sabasaba ni duka lililochangamka. Tumelijua kulijenga vizuri, na tunapokwenda Frankfurt au Shanghai tunalibeba hilohilo. Kule mnunuzi wa mnyororo wa maduka hatanunua kikapu kimoja cha ukili. Mara nyingi kanuni za ukumbi hata haziruhusu umuuzie kimoja aondoke nacho. Anataka bei ya mzigo ukiwa umepakiwa melini Dar es Salaam au Mombasa, kiasi cha chini cha oda, majuma ya kusubiri, na vyeti. Akikuta meza imejaa vikapu mia moja na hakuna karatasi yenye mambo hayo, anaelewa kwamba hawa hawajajiandaa kufanya biashara naye, hata kama vikapu vyao ni bora kuliko vyote ukumbini.

Wakulima wa waridi wa Kenya waliyafahamu haya mapema. Soko la Urusi lilipenda waridi lenye kichwa kikubwa na kikonyo kirefu. Maduka makubwa ya Ulaya Magharibi hutaka kikonyo kifupi na maua yanayolingana, yanayoenea vizuri kwenye boksi na kwenye ndoo ya dukani. Shamba la Naivasha linalokwenda Moscow na linalokwenda Essen ni lilelile, lakini ua linalowekwa mbele si lilelile. Kubadili banda kwa maana yake ya kwanza ni huko: kuchagua ni kipi katika ulivyonavyo kinajibu haja ya soko hili, na kukubali kuviacha vingine nyumbani, hata vile unavyovipenda. Uchaguzi huo unahitaji mtu anayekaa na wanunuzi wale mwaka mzima.

Baada ya hapo zinakuja kanuni, na hizi hazibembelezeki. Chukua makuti. Banda la utalii la pwani yetu linapendeza likiezekwa makuti, likatandikwa mikeka na kupambwa kanga. Kumbi za Ujerumani hudai vifaa vya ujenzi na mapambo viwe vile visivyoshika moto kwa urahisi, daraja linaloitwa B1 katika kanuni za DIN 4102, na mkaguzi ana haki ya kutaka cheti. Makuti makavu yaliyosafiri kutoka Bagamoyo hayana cheti. Fundi wa mabanda wa Berlin anajua nani atayapulizia dawa ya kuzuia moto na kutoa karatasi yake, au atakushauri upige picha nzuri ya paa la makuti na kuichapa kwenye kitambaa kilichothibitishwa. Asipokuwepo, mtajua usiku wa kuamkia ufunguzi, paa linashushwa na banda linabaki kuta tupu.

Au chukua vinyago. Mpingo umo katika jenasi ya Dalbergia, na tangu Januari 2017 jenasi hiyo karibu yote imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa vyombo vya muziki vilivyokamilika na kwa bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Vinyago vichache vya Kimakonde vya kuonesha vinaweza kupita ndani ya kiasi hicho. Kreti la vinyago vya ujamaa, vile virefu vyenye watu waliobebana, halipiti bila kibali. Kreti lenyewe likiwa la mbao linatakiwa liwe limepashwa moto hadi kiini cha ubao kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au litibiwe kwa njia nyingine inayokubalika, kisha lipigwe mhuri wa kanuni ya ISPM 15. Mchongaji wa Mwenge anaweza kuwa na kazi inayostahili ukumbi wowote wa Ulaya, ikazuiliwa bandarini kwa sababu ya ubao wa boksi lililoifunika.

Umeme nao una mambo yake. Dubai utachomeka plagi yako ya pini tatu bila shida. Japani umeme ni volti 100, na birika la volti 230 likichomekwa huko hutoa takriban moja ya tano ya nguvu yake: wageni wa kuonja kahawa watasubiri mpaka wachoke. Marekani ni volti 120, na kuna jambo zito zaidi. Katika kumbi kubwa kama McCormick Place ya Chicago, kazi nyingi za kufunga banda zina wenyewe, mafundi walio katika vyama vyao, na mwoneshaji haruhusiwi kufanya kila atakalo kwa mikono yake. Kubebewa mzigo kutoka mlango wa kupokelea hadi bandani hutozwa kwa uzito, kwa kila ratili mia moja, yaani kama kilo 45. Timu iliyozoea kupanga banda lake yenyewe usiku kucha, na iliyobeba sanamu nzito la twiga, inakutana na ankara ambayo haikuwa kwenye bajeti. Mshirika wa pale angeiambia mapema: njooni na kitambaa kilichokunjwa na sampuli, meza na taa kodini hapa.

Kuna pia hati ya forodha iitwayo ATA, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1961, inayoruhusu vitu vya maonesho kuingia nchi kwa muda na kutoka bila kulipia ushuru. Nchi za Afrika zilizo kwenye mfumo huo ni chache. Afrika Kusini, Moroko, Morisi na Senegali ni miongoni mwao. Hata kwa aliye nayo, haifuniki vitu vinavyoliwa, vinavyogawiwa au kuuzwa, na sehemu kubwa ya tunachopeleka sisi ni hicho hasa: kahawa, chai, asali, karafuu, korosho, vipeperushi. Vitu hivyo vinahitaji wakala wa forodha wa nchi ile anayejua sampuli za chakula zinaingiaje, na mpokeaji mwenye anwani na namba ya kodi ya pale.

Ukiyaweka mambo haya pamoja, hesabu inaelekea upande mmoja. Kibebwe kidogo kadiri inavyowezekana: bidhaa yenyewe, watu wanaoijua, na picha zake katika hali ya kidijitali. Vingine vyote vijengwe, vikodiwe au vichapwe huko. Wapo watakaosema kwamba hivyo fedha zinaishia mikononi mwa wageni badala ya mafundi wetu. Nawaelewa, na ningependa fundi wa Keko au wa Gikomba aone meza yake ikisimama Paris. Iende kama bidhaa ya kuonesha, pale inapoweza kumletea oda, si kama samani ya kukalia.

Lakini kujengewa huko nako kuna mitego, na Expo ya Osaka ya mwaka 2025 imetuachia mfano ulio wazi. Nchi zilizotaka kujenga mabanda yao zilihangaika kupata kampuni za ujenzi za Kijapani: mafundi walikuwa haba, gharama zilipanda, muda ulikuwa mfupi. Waandaaji walilazimika kupendekeza majengo mepesi watakayoyasimamisha wao. Maonesho yalifunguliwa tarehe 13 Aprili. Banda la Nepal, ambalo ujenzi wake ulisimama kwa mgogoro wa malipo, lilifunguliwa Julai. Banda la Angola lilifunguliwa siku ya kwanza, likafungwa, na likarejea mwishoni mwa Juni, huku wakandarasi wadogo wakilalamika kwamba hawajalipwa. Hapa tatizo si ukosefu wa mshirika wa ndani. Washirika walikuwepo, lakini mnyororo wa malipo kati ya serikali ya mbali, kampuni kuu na fundi anayeshika nyundo ulikatika mahali. Mwenye banda anapaswa kujua nani yuko chini ya mshirika wake, ana leseni gani, na analipwa lini. Yule wa chini kabisa asipolipwa, jina linaloning'inia juu ya mlango uliofungwa ni la nchi.

Nimekaa kwenye kanuni na ujenzi kwa sababu ndiko fedha zinakopotelea. Hata hivyo kazi nzito zaidi ya mshirika ni kulisoma banda kwa macho ya watu wake.

Tazama maonesho ya utalii ya ITB, yanayofanyika Berlin tangu mwaka 1966. Kila nchi ya savana inapeleka simba. Kenya ina simba, Tanzania ina simba, Botswana, Zambia na Namibia wana simba. Kampuni ndogo ya utalii ya Arusha inayokwenda pale kuuza safari kwa mawakala wa Ujerumani inadhani inashindana kwa picha. Wakala wa Kijerumani ana wasiwasi mwingine kabisa. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 kuhusu safari za kifurushi, yeye aliyepanga na kuuza kifurushi ndiye anayewajibika kwa mteja wake kwa huduma zilizomo, hata kama gari ni la kampuni ya Arusha na dereva ni wa Karatu. Breki zikifeli Ngorongoro, kesi inafunguliwa Ujerumani. Kwa hiyo anataka kuona bima ya dhima, umri wa magari, mpango wa kumwokoa mgonjwa kwa ndege, na nani anapokea simu saa nane usiku. Mwakilishi aliyepo Hamburg au Munich angekuambia uondoe simba mmoja ukutani, mahali pake uweke ukurasa mmoja wa Kijerumani wenye mambo hayo manne. Hakuna mbunifu wa Dar es Salaam ambaye angelifikiria hilo kwa kipaji chake tu, kwa kuwa linatokana na sheria ya mahali pengine.

Japani ni hivyohivyo kwa kahawa. Tangu mwaka 2006 nchi hiyo ina mfumo mkali wa mabaki ya viuatilifu: dawa ambayo haijatajiwa kiwango chake inaruhusiwa kwa miligramu 0.01 tu kwa kilo. Mwaka 2008 kahawa ya Ethiopia ilikwama sokoni humo kwa sababu ya mabaki hayo. Mnunuzi aliyeyashuhudia anafarijika na ripoti ya maabara iliyotafsiriwa vizuri kuliko ngoma ya msewe. Ngoma ina nafasi yake, siku ya taifa na mbele ya umati. Mezani kwa mnunuzi anayehesabu hasara ya kontena lililorudishwa, karatasi ile ndiyo inayofungua mazungumzo.

China inataka mambo mengine. Kipeperushi chenye msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa Facebook au namba ya WhatsApp hakimsaidii mtu wa Shanghai, kwa kuwa mitandao hiyo haifunguki huko bila njia za kuzungukia. Mawasiliano ya biashara yanapita WeChat, na akaunti rasmi ya kampuni huko kwa kawaida hufunguliwa vizuri zaidi na mtu au kampuni ya pale. Kuna pia swali la mlango wa karantini. Parachichi bichi la Kenya lilianza kuingia China Agosti 2022, na makubaliano ya parachichi la Tanzania yalisainiwa Novemba mwaka huohuo. Tunda ambalo nchi yake haijasaini makubaliano ya aina hiyo linaweza kuvutia umati wote wa maonesho ya uagizaji ya Shanghai, lakini mnunuzi akiuliza litafikaje, mazungumzo yamekwisha. Mshirika wa kweli huanza kwa kusoma orodha ya forodha ya nchi yake, kisha ndipo anasema nini kipelekwe.

Katika Ghuba tuna utajiri ambao wengine hawana. Muscat na Dubai zimejaa familia zenye asili ya Unguja, Pemba, Mombasa na hata ndani ya bara, zinazozungumza Kiswahili nyumbani na Kiarabu kazini. Mtu wa namna hii anaona mara moja kwamba mabango yamepangwa kusomwa kutoka kushoto wakati mgeni wake anaanzia kulia, kwamba picha fulani haifai, kwamba maonesho yameangukia karibu na Ramadhani na wanunuzi watakuja mapema waondoke mapema. Anajua pia karafuu ya Pemba inazungumziwaje katika nyumba ya Kiomani. Naipenda njia hii na natamani itumike zaidi. Inataka uangalifu mmoja tu: undugu hauthibitishi kwamba mtu anaijua biashara ya chakula. Mjomba wa Muscat anayeuza magari atakupokea vizuri uwanja wa ndege na kukukaribisha chakula; kuhusu lebo za Kiarabu na cheti cha halali, mtafute anayefanya kazi hiyo, na makubaliano yaandikwe hata kama ni ndugu.

Hapo tumefika kwenye mpaka wa mamlaka ya mshirika. Kazi yake inafanana na ya mshenga: anaijua nyumba anayopeleka posa, anajua lini pa kunyamaza na lini pa kusema, lakini haoi yeye. Jina la bidhaa, asili yake, alama yake ya biashara na wateja wake vibaki kwa mwenyewe. Tunayo kumbukumbu ya kikoi. Kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno hilo huko kama alama yake ya biashara, na ikabidi wadau wa Kenya, wakisaidiwa na watetezi wa biashara ya haki wa hukohuko Uingereza, waandike pingamizi kabla ombi halijaachwa. China, kwa msingi, haki ya alama ni ya aliyetangulia kuisajili. Anayepeleka chai yake Shanghai akiwa hajasajili jina anampa yeyote anayepita bandani nafasi ya kulisajili. Mkataba wa Paris, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimo, unampa aliyewasilisha ombi nyumbani miezi sita ya kuwasilisha nchi nyingine wanachama akihesabiwa tarehe yake ya kwanza. Kwa Mtanzania, mlango ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, upande wa Bara, na Zanzibar ina usajili wake. Ombi litangulie, banda lifuate. Na mshirika anapojitolea kulisajili jina kwa niaba yako, mshukuru, kisha hakikisha limesajiliwa kwa jina lako.

Uwakala pia una sheria zake ambazo hazisomwi mpaka ugomvi uje. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1986 linampa wakala wa biashara anayeachishwa haki ya malipo, ambayo katika baadhi ya nchi yanaweza kufikia wastani wa kamisheni ya mwaka mzima. Umoja wa Falme za Kiarabu ulibadili sheria yake ya uwakala mwaka 2022, baada ya ile ya 1981 iliyokuwa ikimlinda wakala aliyesajiliwa kwa namna ambayo kampuni nyingi za nje zilishindwa kumwacha. Kwa hiyo barua ya kirafiki inayosema "wewe ndiye mwakilishi wetu pekee Ghuba", iliyoandikwa kwa furaha siku ya kufunga maonesho, inaweza kumfunga mkulima wa viungo kwa miaka. Mkataba wa kwanza uhusu maonesho haya tu: kujenga, kutafsiri, kupanga mikutano, kufuatilia kwa miezi kadhaa. Uwakala uje baadaye, kama mauzo yameonekana.

Kwa nini basi mshirika anaitwa akiwa amechelewa, ilhali faida zake zinaonekana? Sababu mojawapo imo kwenye kalenda, na ningeomba wapanga bajeti waitazame. Mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda unaanza tarehe 1 Julai. Maonesho makubwa tunayoyalenga, Gulfood ya Dubai, Fruit Logistica na ITB za Berlin, Ambiente ya Frankfurt, BioFach ya Nuremberg, yote huangukia kati ya Januari na Machi. Nafasi nzuri ukumbini hugawiwa miezi mingi kabla, mara nyingi bado tukiwa katika mwaka wa fedha uliotangulia. Fungu likipitishwa Julai, likatoka Oktoba, zabuni ikatangazwa Novemba, mshirika anapewa kazi Desemba, mwezi ambao Ulaya nusu yake imefungwa kwa Krismasi. Anachoweza kufanya hapo ni kutekeleza, muda wa kushauri umekwisha. Wauzaji wadogo wanaooneshea bidhaa chini ya paa la taifa wanabeba matokeo ya ratiba ambayo hawakuipanga. Kutenga sehemu ndogo ya fungu kwa ushauri wa awali, mwaka mmoja kabla, kungegharimu pungufu ya tiketi mbili tatu za ndege.

Sababu nyingine ni ngumu zaidi kuisema, lakini isemwe. Banda la taifa lina watazamaji wawili: mnunuzi wa huko, na mkubwa wa nyumbani atakayelitembelea siku moja na kupigwa picha. Anayelipa na kuidhinisha mchoro ni wa upande wa pili, kwa hiyo mchoro unamfuata. Bendera zinaongezeka, picha za viongozi zinaongezeka, meza za kukaa na mnunuzi zinapungua. Maofisa wa chini wanaliona hili na wengi linawauma. Mshirika wa huko akipewa sauti ya kweli kwenye mchoro, yaani haki ya kusema kitu hiki kiondoke na kikaondoka, ndiye pekee mezani anayemwakilisha mtazamaji wa kwanza. Heshima ya taifa haipungui kwa hilo. Inakuja na kontena la pili, lile ambalo mnunuzi ameagiza bila kubembelezwa.

Na wakati mwingine jibu sahihi ni kutokwenda. Tangu mwaka 2012 maonesho ya maua ya IFTEX yanafanyika Nairobi, yakiandaliwa na kampuni ya Kiholanzi pamoja na wakulima wa Kenya. Wanunuzi ndio wanaopanda ndege, na baada ya ukumbi wanapelekwa shambani. Hapo mshirika wa nje anawaleta wageni, na mkulima anaonesha ua lake kwenye udongo wake. Wauza kahawa, viungo na utalii wa Afrika Mashariki wanaweza kuitumia njia hiyo zaidi kuliko sasa. Kwa soko la Afrika yenyewe, maonesho ya biashara ya IATF yaliyokwisha kufanyika Cairo, Durban na Algiers yanatukumbusha kwamba ng'ambo si Ulaya na Asia tu. Mjasiriamali wa Mwanza akienda Algiers anahitaji Kifaransa na Kiarabu kama anavyohitaji Kijerumani Berlin, na mtu wa pale wa kumwongoza.

Linabaki suala la baada ya maonesho, na hapo wengi wetu tunawaacha washirika wetu waondoke mapema mno. Mtanzania anayetazama mashine ya kukamua alizeti Sabasaba humuuliza mwoneshaji wa kigeni swali moja kabla ya bei: ikiharibika, spea nazipata wapi na nani wa kuitengeneza? Asipopata jibu lenye mtaa na namba ya simu, hatoi fedha. Mnunuzi wa Frankfurt anauliza vivyo hivyo kuhusu asali. Timu yetu imepanda ndege Jumapili. Jumatano anataka sampuli nyingine, Ijumaa anataka kuuliza kuhusu cheti. Mshirika aliyelipwa mpaka siku ya kubomoa banda hana sababu ya kupokea simu hiyo. Afadhali malipo yake yagawanywe: sehemu kwa ujenzi na maandalizi, sehemu ya kila mwezi kwa nusu mwaka wa ufuatiliaji, na kamisheni yenye kikomo kwa oda zilizotokana na maonesho hayo, huku akiwa na akiba ya sampuli ghalani kwake.

Na kwa Ulaya kuna jambo moja la kisheria la kumalizia. Tangu Mei 2018 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, GDPR, inamdai anayekusanya kadi na anwani za wageni awe na msingi wa kisheria wa kuzitumia na kuzipeleka nje ya Umoja wa Ulaya. Fomu anayojaza mgeni bandani ikitaja kampuni ya mshirika pekee, mshirika ana sababu halali ya kukataa kukupa orodha mkiachana. Fomu hiyo iandikwe kabla ya safari, kwa lugha ya pale, ikiwa na majina mawili: la mshirika, na la kampuni ya nyumbani iliyo na kahawa, asali au kikoi kinachooneshwa.